Mguu wa Fundi Seremala

4 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu. Sisi wazima, ila patasi ilimponyoka baba yako ikamkata mguu, penye kidole gumba. Kashonwa nyuzi saba. Karatasi ya hospitali inasema kwa Kiingereza kwamba akishaosha, "pat dry". Yeye anasema ni kukausha tu, basi anausugua kwa taulo kama anapiga ubao msasa. Wewe uliyesoma, hebu tueleze.

Mama yako

11 Mei

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo, na baba mpe shikamoo yake. Mimi sijambo, tena sijambo mno. Mwezi wa pili huu wa ndoa, na bado nikisikia ufunguo mlangoni moyo unanidunda.

Baba aache kusugua. Neno hilo ni kukausha kwa kugusagusa: unaweka kitambaa, unakandamiza kidogo, unainua, unasogea pembeni. Hutumika kwa uso wa mtoto, kwa majani ya mboga, kwa chochote ambacho ukikisugua kitaumia. Shuleni nililisoma tu; maana yake nimeijua kwa mume wangu. Nikinawa asubuhi hunikausha hivyohivyo, shavu hili, kisha lile, taratibu mpaka nachelewa kazini kwa makusudi.

Mkono wa baba umezoea randa. Mkaushe wewe.

Bintiyo

19 Mei

Mwanangu,

Tumeamka, tunashukuru. Nilimsomea barua yako akacheka: "Mwambie huyo mkwe mimi si shavu." Akaendelea na taulo lake. Juzi nyuzi mbili zimekatika. Muuguzi kasema kidonda kisipofunga ndani ya wiki nne, kidole kitakatwa. Tangu siku hiyo baba yako haongei.

Mama yako

23 Mei

Mama,

Pole, na baba pole sana. Nimelia mpaka mume wangu kauliza nani kafa. Usimwombe ruhusa. Keti chini, upakate mguu, anza. Akifoka, sema nimekutuma mimi.

Bintiyo

14 Juni

Mwanangu,

Uzima upo, nisamehe kimya. Siku ya kwanza aliangalia ukuta. Miaka thelathini na moja nimempikia, nimemfulia, lakini mguu wake sikuwahi kuupakata. Siku ya nne akaniuliza kama nimechoka. Toka hapo tukawa tunaongea, hata mambo ya tulipooana.

Jana muuguzi kasema kidonda kimefunga, kidole ni chake. Leo asubuhi nimemkuta kaketi palepale, mguu umelowa.

"Mzee, si umeshapona?"

"Najua. Nikaushe."

Mama yako