Swali Moja la Hakimu kwa Kaka Sukumaran

Latha, ndiyo kwanza tumetoka mahakamani. Kaka Sukumaran kaharibu kila kitu!

Si unajua yuko nje kwa dhamana na pasipoti yake inashikiliwa na mahakama? Wakili aliomba arudishiwe kwa wiki mbili tu, aende Muscat, mwanawe Anjali anapasuliwa moyo huko. Hakimu alishashika kalamu! Akauliza tu, “Nikikuruhusu, utarudi?”

Kaka akamtazama usoni, Latha! Halafu eti, “Sijui, Mheshimiwa.”

SIJUI! Ombi likatupwa palepale.

Nje nikamfokea, “Kusema ndiyo kungekugharimu nini?”

Akasema, “Nikimshika mwanangu mkono, sirudi. Na mdhamini wangu ni wewe, Rema. Wangekunyang’anya nyumba uliyoiweka dhamana.”

Anjali anapiga simu sasa hivi. Kaka kanipa mimi nipokee.