Kengele Iliyotukera

Mdogo wangu Suet-mui,

Mimi mzima. Jengo letu lilipoungua nilikuwa sokoni. Sasa tunalala kwenye ukumbi wa shule. Majirani wanaleta blanketi na soksi, na mimi nagawa uji wa mchele. Bibi Mok, mwenzetu wa mchezo wa mahjong, hajaonekana bado.

Polisi wanauliza kwa nini kengele ya moto haikulia. Unakumbuka nilivyokulalamikia kwenye simu? Mafundi wa ukarabati walivuta sigara ngazini, kengele ikawa inalia kila siku tukiwa mezani tunacheza. Mimi ndiye niliyemwambia mlinzi, Mzee Tsoi, aizime. Hakuna mwingine anayejua.

Leo Tsoi alikuja kwenye foleni ya uji. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ameshahojiwa.

“Wananiita saa nane mchana, dada Yuk-lin. Niwaambie nilizima kwa akili yangu?”

Nikamjazia bakuli mpaka likamwagika, nikamwita aliyefuata kwenye foleni.

Sasa ni saa saba na nusu. Tsoi amekaa mlangoni, ananitazama. Aproni nimevua, viatu nimevaa, na barua hii naiandika polepole makusudi.

Dada yako,
Yuk-lin