Karatasi Nilizozinyoosha

Ghala la Ngozi,
Kilindini, Mombasa.
18 Agosti 1957

Mpendwa mpwa wangu Mashavu,

Salaam aleikum. Hujambo? Mama yako Esha, goti lake limepoa? Mpunga wa Kilelengwani ulipona mafuriko? Mimi mzima, ila mgongo unanilaumu kwa kubeba ngozi kutwa.

Dhadho, najua ndiwe unayemsomea dada yako. Barua yangu iliyopita uliisoma barazani, watu wakacheka. Na hii isome papo hapo, kwa sauti ileile, wala usiruke mstari.

Mashavu, zile karatasi nene alizonipa Mwalimu Danson wa shule yenu ya wasioona nikuletee, zilikaa kwangu mwezi mzima kwa sababu mto ulikata njia ya Garsen. Nilipozifungua hazikuwa na wino hata tone. Niliona vipele vitupu, nikadhani ni unyevu umeziharibu. Kazi yangu waijua: ngozi iliyojikunja tunailowesha kidogo, tunaitandaza, tunailaza chini ya mawe mpaka inyooke. Nikazifanyia karatasi zako vivyo hivyo, siku nne, tena kwa mapenzi. Moja nikajibakizia ya kuandikia, nyingine nikakutumia njia ilipofunguka.

Kisha Dhadho akaniandikia kwamba vidole vyako havikupata kitu, na baba yako Omar anasema shule ilikudanganya. Mimi niliyekomea darasa la tatu nikajitia mjuzi. Nikajibu juu ya karatasi ileile niliyoibakiza: "Vidole havisomi. Mpeni debe akaamie ndege." Nasikia tangu siku hiyo uko juu ya dungu shambani unapiga debe kufukuza ndege wa mpunga, na filimbi yako imefungiwa sandukuni.

Juzi Mwalimu Danson alipita hapa, akauliza kama umejifunza ule wimbo wa filimbi aliokutumia. Nikajibu kwa majivuno, "Mwalimu, nilizinyoosha mwenyewe, zikawa kama kanzu ya Idi!"

Akanigeuzia uso. Yeye naye haoni, lakini nilihisi ananitazama. Akasema, "Bwana Mahadi, vile vipele ndivyo wimbo; sisi tusioona twasoma kwa kuvipapasa. Nilivitoa kimoja kimoja kwa chuma chenye ncha, wiki mbili."

Sijapata kuona haya kama siku ile.

Ameuandika upya, mimi nikimshikia karatasi. Nimezitia kati ya mbao mbili, na Galma wa lori la Garsen atakukabidhi mkononi. Mtu asiweke kitu juu yake. Shule inafunguliwa mwezi ujao. Ukiweza kuupiga wimbo huo, Mwalimu atakurudisha darasa la muziki; usipoweza, nafasi atapewa mwingine. Shemeji Omar, nakuomba mbele ya hao waliocheka: mshushe mtoto dunguni leo. Watakachokula ndege, lawama ni yangu.

Mwalimu alinishika kidole, akakipitisha juu ya mstari wa kwanza huku akiimba polepole. Sikupata kitu. Chumvi ya ngozi imeniua ncha za vidole. Basi, mpwa wangu, vidole visivyosoma vipo kweli. Ni hivi vyangu.

Nisalimie mama yako, bibi Hawo na wote wa Kilelengwani. Mungu akufungulie njia niliyokuzibia.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye na kukuonea haya,

Mahadi