SETI MOJA YA SPRINGI, MAGARI MATANO

CHAMA CHA WENYE MAGARI YALIYOSHUSHWA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE, CHA DHARURA, KILICHOFANYIKA JUMATANO, SAA KUMI ALASIRI, KATIKA CHUMBA CHA NYUMA CHA KARAKANA YA FUNDI RANGI

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti
2. Fundi Rangi – Mjumbe na mwenye chumba
3. Kinyozi – Mjumbe
4. Mwokaji – Mjumbe
5. Katibu – Mwandishi (hana gari, alichaguliwa kwa sababu ya mwandiko)

ASIYEHUDHURIA
Makamu Mwenyekiti – kwa taarifa. Gari lake lilikwama tumbo juu ya tuta lililo mbele ya geti la karakana. Alionekana dirishani muda wote wa kikao.

MGENI
Bwana mmoja mwenye koti la kijivu, aliyekaa karibu na mlango.

KUMB. NA. 1/4: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwashukuru wajumbe kwa kufika. Makamu Mwenyekiti alipaza sauti kutoka nje kwamba naye amefika. Mwenyekiti aliamua kwamba mtu aliye juu ya tuta bado yuko safarini, na kwamba Katiba haina kifungu cha kuhudhuria kwa kupitia dirishani.

Mgeni alikaribishwa. Mwenyekiti hakumuuliza jina, akidhani ni ndugu wa Fundi Rangi. Fundi Rangi alimpa kiti kisicho na ufa, akidhani ni mteja wa Kinyozi. Katibu alisimama ili amtambulishe, lakini Mwenyekiti alimkumbusha kwamba kazi ya Katibu ni kuandika, si kuongea. Katibu alikaa, akaandika.

KUMB. NA. 2/4: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Katibu aliomba kumbukumbu za kikao kilichopita zisomwe kabla ya kuthibitishwa. Kinyozi alisema, "Waliokuwepo walikuwepo, na hii tina ya kuchanganyia rangi inatuumiza macho. Tupitishe." Zilithibitishwa bila kusomwa, kama ilivyo desturi ya chama hiki tangu kianzishwe. Katibu aliomba ombi lake liingizwe kwenye kumbukumbu. Limeingizwa.

KUMB. NA. 3/4: TANGAZO LA OFISI YA UKAGUZI
Mwenyekiti alisoma tangazo lililobandikwa mjini. Ilielezwa kwamba magari yote yaliyoagizwa kutoka nje na kufanyiwa marekebisho yafike uwanja wa ukaguzi Jumamosi hii asubuhi, yote kwa pamoja, yapangwe mstari mmoja. Litakalofaulu litapata stika na kadi mpya. Litakaloshindwa litaegeshwa mpaka lirekebishwe.

Fundi Rangi aliuliza kama "yote kwa pamoja" maana yake ni yote kwa pamoja. Mwenyekiti alisoma tena. Wajumbe wakatazamana.

Kwa faida ya atakayesoma bila kujua, sababu ya kutazamana huko ni hii. Magari ya wanachama ni ya muundo mmoja, vigari vidogo vya abiria na mizigo. Kifungu cha Pili cha Katiba kinataka paka mzima asiweze kupita chini ya gari la mwanachama. Ili kutimiza kifungu hicho, wanachama walikata springi zao, wakafunga na egzosi za kunguruma, na egzosi za kiwandani wakamuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Mwenyekiti peke yake alinunua springi fupi. Springi zake nne za kiwandani na egzosi yake vilisalimika chini ya kitanda, kwa kuwa mkewe alisema kitu kizima hakiuzwi kwa kilo. Tangu hapo, gari la mwanachama likiitwa kwenye ukaguzi, hufungwa vifaa hivyo, hukaguliwa, husifiwa, kisha vifaa huvuliwa na kurudi kitandani kwa Mwenyekiti. Chama huviita Seti ya Heshima.

Mwenyekiti aliagiza habari za Seti zisiandikwe. Katibu aliuliza ni habari zipi hasa. Mwenyekiti alizieleza zote upya, kwa ufasaha kuliko mwanzo, na maelezo yake ndiyo yaliyotumika hapo juu.

Seti yenyewe ililetwa kikaoni. Springi ziliwekwa mezani. Egzosi ilikosa nafasi, hivyo mgeni aliombwa aipakate. Alitandikiwa gazeti mapajani kwa sababu ya masizi, akashukuru.

KUMB. NA. 4/4: NANI AFUNGE SETI JUMAMOSI
Kinyozi alipendekeza magari yabadilishane Seti palepale uwanjani: la kwanza likipita, lizunguke nyuma ya ukuta, livuliwe, lifungwe la pili. Fundi Rangi alisema kufunga springi si kuvaa kofia, inataka nusu ya asubuhi kwa kila gari. Kinyozi alijibu kwamba hilo si tatizo, yeye atamchelewesha mkaguzi kwa kumnyoa bure. Alimtazama mgeni kichwani, akasema, "Mtu mwenye nywele kama za huyu bwana namnyoa saa nzima, na bado sijagusa ndevu." Mgeni alicheka.

Mwokaji aliomba nafasi. Alieleza kwamba gari lake si la maonyesho. Alijiunga ili aagize vipuri pamoja na wenzake, na alikatiwa springi na Mwenyekiti kwa mkono wake mwenyewe, kwa ajili ya yule paka wa Kifungu cha Pili. Gari likiegeshwa Jumamosi, mikate ya hospitali haifiki, na hospitali itatafuta mwokaji mwingine siku hiyohiyo. Hivyo aliomba springi, na si za kuazima kwa siku moja, bali zake moja kwa moja. Alisema, "Nyie mkikosa stika mtakosa kutamba. Mimi nikikosa, tanuri linazimwa."

Mwenyekiti alisema anamhurumia, ila Seti ndiyo roho ya chama, na roho haigawiwi. Makamu Mwenyekiti aliuliza kutoka nje kama kuna mtu anaweza kuja kumsukuma. Aliambiwa asubiri Mengineyo.

Kura ilipigwa. Kila mjumbe mwenye gari alijipigia mwenyewe, hivyo wote wanne walipata kura moja moja. Kura ya Makamu Mwenyekiti, iliyotolewa kwa kupiga honi, haikuhesabiwa.

KUMB. NA. 5/4: KURA YA UAMUZI
Fundi Rangi alikumbusha kwamba kura zikilingana, Katiba inampa Katibu kura ya uamuzi, kwa kuwa hana gari la kupendelea.

Mwenyekiti alitaka ieleweke kwamba Mwokaji ni wifi yake Katibu. Katibu alikiri, akaongeza kwamba undugu huo haujamnufaisha mtu, kwani wawili hao hawajasemezana tangu harusi ya Katibu ila kupitia kwa Mwenyekiti. Siku hiyo Mwokaji alileta keki ya kaka yake na Katibu. Ilitoka kwake ikiwa ghorofa tatu. Ukumbini ilifika ghorofa moja.

Katibu aliuliza, kupitia kwa Mwenyekiti, nini hasa kiliipata ile keki.

Mwokaji alitazama springi zilizo mezani. Alijibu, kupitia kwa Mwenyekiti, kwamba gari lilikuwa limekatwa springi wiki ileile. "Kila tuta nasikia ghorofa inashuka nyuma. Tuta la kwanza, pu! La pili, pu! Nilifika nalia."

Katibu aliuliza kwa nini hakusema.

"Mchagua jembe si mkulima. Ningesema ni gari, mngesema mwokaji hajui keki, anasingizia gari. Nikaona bora unikasirikie, kuliko nijitetee siku ya harusi yako."

Katibu aliomba muda mfupi wa kuchonga penseli. Ieleweke kwamba Katibu huandika kwa kalamu ya wino.

Mwenyekiti, aliyezikata springi hizo, alisema chumba kina vumbi la rangi. Fundi Rangi alikanusha, akasema hajapaka kitu tangu juzi.

Katibu alimpigia kura Mwokaji. Mwenyekiti aliitengua kura hiyo papo hapo kwa sababu ya undugu. Katibu alisema undugu huo haukuwepo mpaka aya tatu zilizopita. Maneno yalianza kupandana. Ili kuleta utulivu, Mwenyekiti alimwomba mgeni aseme neno, "kwa kuwa wewe huna upande."

KUMB. NA. 6/4: MAELEZO YA MGENI
Mgeni alisimama huku amekumbatia egzosi. Alisema kwamba yeye ndiye mkaguzi wa magari, na kwamba amekuja kwa mwaliko.

Kinyozi alitazama mlango. Mgeni ndiye aliyekuwa amekaa karibu nao.

Mwenyekiti aliuliza kwa sauti ndogo ni nani aliyemwalika. Katibu alieleza kwamba ni wajumbe wote. Kumb. Na. 5 ya kikao kilichopita iliazimia kwamba mkaguzi aalikwe ili afafanue kanuni, na Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyetoa hoja. Katibu aliwarejesha wajumbe kwenye Kumb. Na. 2/4 hapo juu.

Mkaguzi aliendelea kueleza kwamba egzosi hii anaifahamu kuliko anavyowafahamu mashemeji zake. Ina bonde upande wa kushoto. Yeye hukagua akiwa shimoni, wenye magari wakingoja nje ya geti, ndiyo maana hawamjui kwa sura. Ameikuta chini ya gari jekundu, la bluu, la njano, na mara moja ikiwa bado ya moto. "Nilikuwa nakagua kilichopo, na kilichopo kilikuwa halali. Nikasema moyoni, hawa watu ipo siku nitawaita wote pamoja." Wajumbe walielewa kwamba siku hiyo ni Jumamosi.

Kuhusu kanuni, alifafanua kwamba marekebisho si kosa. Kosa ni kuyaficha. Rangi, rimu, taa na redio ya Kinyozi yenye spika sita vitangazwe, vikaguliwe, viandikwe kwenye kadi. Gari lililoondolewa viti vya nyuma, kama la Mwokaji, liandikwe kuwa la mizigo, mradi liwe na ukuta wa chuma kati ya dereva na mzigo. Mwokaji alisema ukuta anao, trei zilizomgonga kisogoni ndizo zilizomfundisha. Ila springi zilizokatwa, au fupi kuliko za kiwandani, hazina msamaha, wala egzosi za kunguruma.

Fundi Rangi alisema yeye, Kinyozi na Makamu Mwenyekiti wataegesha mpaka springi mpya ziagizwe, watafanyaje, maji yakimwagika hayazoleki. Ikabaki kwamba springi ziko nne tu. Zikirudi kwa Mwenyekiti, Mwokaji anaegesha. Zikienda kwa Mwokaji, Mwenyekiti anaegesha.

Mwenyekiti alinyamaza. Katibu anaandika hivyo kwa sababu haijawahi kutokea.

Kisha Mwenyekiti aliinuka, akashika springi moja, akaigeuzageuza. Alisema gari lake alilingojea bandarini akiwa bado na nywele. Alisema mkewe humsikia tangu barabara kuu, akaweka chakula mezani. Halafu alisema, na haya ni maneno yake mwenyewe: "Langu linanguruma tu. Lako lina kazi. Na springi zako nilizikata mimi, nikakwambia umependeza. Chukua, mwanangu. Nisamehe na ile keki."

Mwokaji alisema, "Ahsante, baba," bila kupitia kwa Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye mwenyewe.

KUMB. NA. 7/4: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwa kauli moja kwamba:
(a) Springi nne ni mali ya Mwokaji kuanzia leo. Fundi Rangi atazifunga kesho.
(b) Egzosi iende nazo, ili gari la Mwokaji lisitoke na heshima nusu. Mkaguzi aliomba apokewe egzosi hiyo, kwani ameipakata tangu Kumb. Na. 3/4. Alipokewa.
(c) Kifungu cha Pili cha Katiba kirekebishwe. Kuanzia sasa paka apite chini ya gari la mwanachama, na apite mkia ukiwa juu.
(d) Hakuna Seti ya Heshima tena. Kila gari liende ukaguzi na heshima yake.
(e) Kinyozi atamnyoa Mkaguzi kama alivyoahidi, lakini baada ya ukaguzi, na kwa bei ya kawaida. Kifungu hiki kiliongezwa na Mkaguzi.

KUMB. NA. 8/4: MENGINEYO
Makamu Mwenyekiti aliuliza kama Mengineyo imefika. Wajumbe wote walitoka nje, na Mkaguzi akavua koti akawasaidia kulinyanyua gari kutoka juu ya tuta. Makamu Mwenyekiti alishukuru, akauliza yule bwana ni nani. Alipoambiwa, aliomba arudishwe juu ya tuta.

Mwenyekiti alitoa hoja kwamba kumbukumbu hizi zisomwe zote, neno kwa neno, kabla ya kutiwa sahihi. Zilisomwa wajumbe wakiwa wamesimama. Mwenyekiti aliomba neno "vumbi la rangi" libaki kama lilivyo. Limebaki.

Wajumbe walipokuwa wakijiandaa kutawanyika, Mwokaji alimfungulia Katibu mlango wa gari. Alisema, bila kupitia kwa mtu, "Wifi, panda nikupeleke. Nitakwenda polepole kwenye matuta." Kisha aliuliza kama Katibu bado anapenda keki ya ndimu.

Katibu alijibu kwamba anapenda, iwe ghorofa tatu, na ailete Jumapili, springi zikishafungwa.

KUMB. NA. 9/4: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa saa kumi na mbili jioni. Mwenyekiti alikifunga akiwa ameshika funguo za gari lake, akazikabidhi kwa Fundi Rangi ili alitunze gari karakanani, akaenda nyumbani kwa miguu. Aliomba mtu ampigie mkewe simu kumwambia anakuja, kwa sababu leo hatamsikia.

Sahihi: ............................ Mwenyekiti (amesoma yote)

Sahihi: ............................ Katibu