Hakimu Mwenye Kiota Kichwani

Jumamosi, 6 Julai 1968
Mbavu zinaniuma! Kombo mwenye duka kaonyesha sinema kwenye ghala lake la karanga — mikebe ya picha ilishuka na treni ya asubuhi kutoka Tabora. Picha ya Waingereza. Hakimu mmoja mnene, mwenye majivuno, mbuzi anamlia zile nywele zake za bandia asubuhi ya kesi. Afanyeje? Anachukua kiota cha kuku, anakimwagia unga, anakivaa! Anaingia mahakamani, watu wote wanasimama. Anafungua mdomo amhukumu mwizi — yai hilo, puani! Nilicheka mpaka khanga ikanidondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena. Kiingereza chenyewe sikuelewa hata nusu. Tangu tumzike mama sijacheka hivi.

Philipo, mtoto wa mjomba, alikaa benchi la mbele, mgongo umenyooka. Hakugeuka hata mara moja.

Jumatano, 10 Julai
Kumbe! Philipo katundika maoni yake kwenye gazeti la ukutani, pale ofisi ya tarafa. Picha ni upuuzi. Makombo ya wakoloni. Haina fundisho kwa taifa linalojenga Ujamaa. Haya, kila mtu na macho yake. Lakini mwishoni: mwalimu mmoja wa kisomo cha watu wazima alikuwa akicheka kama mlevi.

Mwalimu mmoja! Hapa Manyoni tuko wangapi? Leo sokoni nachagua nyanya, wanaume wananiuliza pombe ya wapi ile. Nitamlipa. Sijui vipi, ila nitamlipa!

Ijumaa, 12 Julai
Mzee Damiani, mwenyekiti wa kamati ya elimu, kaniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anatazama dirishani. Ati kwa maoni yale ya ukutani, darasa langu lisimame mpaka kamati ikae Jumatatu. Ati huenda akapewa Philipo. Philipo! Bibi Lea juzi tu kaandika jina lake mwenyewe, akalia. Huyo atamkaripia mpaka aache shule. Nimeipiga ndoo teke. Kidole kimevimba.

Jioni nikapita kwa Kombo. Kanichekesha kwa uchungu. Siku ile upepo ulikuwa unapeperusha lile shuka la picha, akasimama pembeni kulishika, akawa anaona nyuso zote za mbele. Philipo alikuwa kang'ata leso! Machozi yanamtoka, mabega yanaruka! Nikamwomba akamwambie mwenyekiti. Hataki, anaogopea leseni ya duka. Mwoga mkubwa.

Jumapili, 14 Julai
Kanisani sikusikia hata somo. Nilikuwa natazama kisogo cha Philipo tu. Mungu anisamehe, lakini baadaye.

Njiani mama mdogo Elizabeti kaniuliza mbona nasaga meno. Nikamweleza yote. Akashangaa: sasa huyo si mtani wako?

Mtoto wa mjomba! Hasira ilinifunga macho. Kwetu naweza kumpaka majivu mbele ya wakwe zake, naye lazima acheke. Akinuna, aibu ni yake, na wazee wote watakuwa upande wangu. Hata Mzee Damiani hawezi kuzuia utani.

Nimemwomba mama mdogo kiota cha tetea wake. Na yai. Bichi.

Jumatatu, 15 Julai
Kwenye kamati. Naandikia mapajani, watadhani ninanukuu. Philipo kasimama, anasoma maoni yake upya, kwa sauti ya mimbarini. Wazee wawili wanasinzia. Kikapu kiko miguuni pangu, nimekifunika khanga.

Nimefunua khanga kidogo kuangalia kama yai ni zima. Philipo kakiona kiota!

Kanyamaza. Kaanza tena: "Taifa letu..." Kanyamaza tena. Mashavu yamemvimba. Anatafuta leso mfukoni — tafuta, mtani wangu, tafuta! Mzee Damiani anamuuliza kama anaumwa. Anatikisa kichwa, hathubutu kufungua mdomo. Wale wazee wameamka.

Mwenyekiti ananigeukia. Mwalimu Theresia, una la kujibu?

Ninalo. Nakivaa kiota.