Dua Uliyomwombea Nesi

Likunja, Ruangwa

Mjomba Mahamudu, shikamoo.

Ufuta tumeshavuna, na mama hajambo. Nguo zangu ziko begini tangu juzi. Jumamosi nasafiri Dodoma kuanza chuo cha uuguzi, lakini baba anasema bila kauli ya mjomba sivuki kizingiti. Nawe umetuma neno kutoka Kilimarondo kwamba msichana mwenye shahada ya kilimo haendi kuosha wanaume.

Sikutaka kulisema hili. Mwaka jana homa ilipokuzidi pale wodini, hukumtambua mtu. Ulipopata nafuu ulimwombea dua nesi aliyekuwa akikuosha, Mungu amfungulie njia. Hakuwa nesi, Mjomba. Nilikuwa mimi.

Dua ile usiitengue.

Mpwa wako,
Sikudhani