Bingwa Hajaitikia

Jumatatu, 2 Juni

Nimekimbia Irente na kurudi. Baridi ya kukata masikio. Ukungu mzito, Mazinde huko chini haionekani kabisa. Neema nyuma yangu kama kawaida, hatua mbili tatu, kimya. Huyu mtoto wa kaka yangu hata hahemi. Alikuja kutoka Mtae kujifunza cherehani, akanikuta nakimbia, akafuata. Nimemaliza nikiwa mbele. Goti la kushoto linalalamika. Sijamwambia mtu.

Dukani nimeshona sketi za shule, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo. Yule kijana wa Dar anayesimulia mtandaoni maisha ya mabingwa wa Marekani leo kaweka bondia. Alistaafu, akarudi. Akastaafu, akarudi. Mwisho mikono inatetemeka, kikombe cha chai hawezi kukishika. Nimekasirika peke yangu. Si angeacha tu! Halafu nikajiuliza: aache ili awe nani? Zipu nimeishona ndani nje, ikabidi nifumue.

Jumatano, 4 Juni

Tangazo limebandikwa sokoni. Mbio za wilaya, Soni hadi hapa Lushoto mjini, Jumamosi tarehe 21. Kocha wa Arusha atakuja tena. Kila mwaka huchukua mwanamke mmoja kwenda kambini kwake, na ni wa kwanza tu. Wa pili hamtaki hata kumsikia. Asiyeshinda kwao, anasema, hatashinda ugenini.

Mwaka jana wa kwanza nilikuwa mimi. Kocha akaniuliza umri. Nikamwambia arobaini na moja. Akanipongeza sana, akapanda gari, akaondoka peke yake. Neema alikuwa wa pili.

Mji mzima uliniita Bingwa. Nilijisikia vizuri. Vizuri mno.

Leo Mama Elia, jirani yangu muuza masufuria, kaniuliza, "Bingwa, mwaka huu tena?" Nikasema tena. Neno limenitoka kabla sijalifikiria.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Mchungaji kahubiri kuhusu kumaliza mwendo. Nina hakika alikuwa ananitazama mimi. Neema kaimba vizuri kwenye kwaya. Sikutulia. Nilikuwa napiga kisigino chini ya benchi mpaka mzee wa kanisa akageuka.

Jumanne, 10 Juni

Leo kijana wa Dar kasimulia mkimbiaji wa kike, Mmarekani. Miaka mingi hakushindwa. Mbio zake za mwisho akapitwa na binti aliyemfundisha mwenyewe. Wakaonyesha picha: amemkumbatia binti, anatabasamu mpaka magego. Msimulizi anasema huo ndio moyo wa ubingwa.

Sikuliamini lile tabasamu. Nimerudisha nyuma nikaliangalia tena na tena. Wateja wamesubiri.

Alhamisi, 12 Juni

Siandiki vizuri, mkono una hasira.

Nilipeleka sare Magamba. Narudi kwa miguu, nikiwa juu ya barabara kwenye kichaka cha migomba, nikamwona Neema chini anapandisha mlima. Peke yake. Hakuniona. Yule hakuwa Neema ninayemjua mimi. Alikuwa anapanda kile kilima kama mtu aliyeachwa na basi. Alipofika juu hakuinama, hakushika kiuno. Aligeuka akashuka, akaanza upya.

Kwa hiyo ananisubiri. Kila asubuhi, Irente yote, ananisubiri. Mimi najiona moto wa kuotea mbali, kumbe nimebebwa.

Nimemchukia kwa muda. Kisha nikamwonea aibu. Sijui kipi kibaya zaidi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemuuliza tukiwa tunakata vitambaa. Kwa nini hunipiti? Kauweka mkasi chini. Halafu: "Shangazi, njia ni yako. Nitakupitaje hujanipa?"

Hilo tu. Na hakuwa na kejeli hata chembe. Huku kwetu mtoto hamruki mkubwa njiani kama mbuzi. Unamkuta mbele, unamwamkia, unangoja akuitikie, ndipo unapita. Kaka yangu kamlea hivyo. Nami nimelelewa hivyo hivyo. Ila sikudhani kuna mtu angelibeba jambo hilo mpaka kwenye mashindano.

Hapo hapo ningeweza kusema nimekupa. Neno moja. Niliinama nikaokota pini.

Jumatatu, 16 Juni

Kaka kamwita Neema Mtae wakavune maharage. Atarudi Ijumaa, ila hapa atapita tu na basi. Atalala Soni kwa mama yake mdogo, tutakutana huko huko kwenye mbio.

Nimekimbia peke yangu. Nyuma hakuna hatua. Nimechelewa vibaya sana, goti likawaka. Kumbe hata kasi yangu ilikuwa yake. Alikuwa ananisukuma kwa vishindo vya miguu.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeshika simu nimpigie. Nimwambie Jumamosi usinitazame, pita. Nikaiweka. Mtandao wa Mtae unasumbua, nikajiambia. Uongo. Sikupiga.

Naogopa. Nikishapitwa, mimi ni fundi cherehani wa Lushoto mwenye goti bovu. Hakuna ubaya kuwa fundi. Lakini mafundi wako wengi pale sokoni, na hakuna anayewapungia mkono wakipita barabarani.

Sijamsikiliza kijana wa Dar wiki nzima. Mabingwa wake wamenichosha.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeoga, nimekunywa uji. Naandika yote sasa hivi, kesho nitaanza kuyapamba.

Soni watu walijaa. Neema nilimwona kwa mbali tu, upande wa pili wa kundi, na filimbi ikapulizwa hatujasalimiana.

Nilitoka mbele. Kona za mwanzo nilikuwa mzima kabisa. Wasichana wengine wakaachwa mmoja mmoja. Kisha nikazisikia zile hatua. Hizo nazijua hata usingizini. Zikafika begani kwangu zikasimama hapo hapo.

"Shikamoo shangazi."

Nilijua anaomba nini. Leo tulikuwa hatujaonana, hajaniamkia, na hawezi kunipita bila kuitikiwa. Nami sikuitikia. Nilijifanya pumzi hakuna. Pumzi ilikuwepo.

Tukapita kona nyingine. "Shikamoo shangazi." Sauti ile ile, tulivu, kama ananiletea maji ya kunawa. Nikaongeza mwendo. Naye akaongeza, akabaki pale pale. Nilifikiri: nikinyamaza mpaka mjini, nimeshinda. Niliwaza hivyo kwa akili timamu. Kocha atanipongeza, ataondoka peke yake, na huyu mtoto atarudi kushona zipu, na hatasema neno baya juu yangu maisha yake yote. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma.

Bado nilinyamaza. Mara ya tatu sauti yake ilitetemeka kidogo. Watu wa pembeni ya barabara wakaanza kusikia. Mji ukaanza kuonekana. Mama Elia alikuwa amesimama juu ya tofali na sufuria yake ya kupigia makelele, akaacha kupiga.

"Bingwa! Mtoto anakuamkia, wewe! Umekuwa kiziwi?"

Watu wakacheka. Mimi machozi.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba mwanangu. Pita."

Alipita. Mungu wangu, alivyopita! Nilibaki nikimwangalia visigino, nikasahau kukimbia. Karibu nipitwe na wa tatu. Nimemaliza wa pili.

Jumapili, 22 Juni

Kocha kamchukua. Wanaondoka kesho. Kaka kapiga simu kutoka Mtae, kalia, mwanamume mzima.

Mama Elia kaniletea picha kwenye simu yake. Nimemkumbatia Neema, natabasamu mpaka magego. Sasa nalijua lile tabasamu la Mmarekani. Ni meno tu. Ya moyoni huja baadaye, na mimi bado hayajanifikia.

"Umependeza," kasema Mama Elia. Nikamwambia anirushie.

Jumatatu, 30 Juni

Sufuria ya uji imekuwa kubwa. Napika mwingi, unabaki.

Asubuhi simu imelia wakati nafunga viatu. Arusha. Nimesikia pumzi yake na vishindo vya wenzake nyuma. "Shika—" Nikaitikia hajamaliza. Tukacheka wote wawili. Nikamwambia nenda, usiwacheleweshe.

Ukungu ulikuwa mlangoni. Nimekwenda Irente polepole, goti halikusema kitu. Njiani nimemkuta bibi mmoja na mzigo wa kuni, anapanda. Nikamwamkia. Alichelewa kuitikia. Nikangoja.